Je, Marehemu Anajua Kitu?

SOMO LA WIKI
Maandiko: Luka 16:19–31, Matendo 7:59–60, Wafilipi 1:21–24

Kwa matanga hapa Kitengela tunaketi na watu wa kila imani. Jirani Msabato atakwambia marehemu amelala, hajui neno mpaka ufufuo. Mwingine anaogopa kwamba bado anazunguka boma. Na wazee wa Kimaasai hapa Kajiado wanajua desturi ya zamani: maiti nyingi zililazwa porini, na jina la marehemu halikutajwa tena. Sasa, Neno linasema nini?

1. Mwili umelala, roho iko macho.
Stefano akipigwa mawe alimwomba Yesu aipokee roho yake. Mstari unaofuata unasema akalala. Kilicholala ni mwili, roho ilishapokelewa. Mhubiri 9:5 inasema wafu hawajui lolote, lakini endelea mstari wa 6: anaongea juu ya mambo ya chini ya jua. Huku kwetu hawana sehemu tena.

2. Anakumbuka, lakini harudi.
Yule tajiri aliwakumbuka ndugu zake watano, na bado ombi lake la kutuma mjumbe lilikataliwa. Kwa hivyo, mama, ukimwota mzee wako aliyekutangulia, usiende kwa mganga kuuliza anataka nini. Hakuna deni anakuja kudai. Lia, omba, lala.

3. Hatuharakishi kufika.
Paulo alitamani kwenda kwa Kristo, lakini akaona kubaki kunawafaa zaidi ndugu. Mwaka 2023 huko Shakahola, Kilifi, watu walifunga kula mpaka wakafa wakitumaini kumwona Yesu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, watoto wakiwemo. Wapendwa, anayetoa uhai ni Mungu, na anayeita ni Yeye. Mhubiri yeyote akikwambia ujikaushe kwa njaa ili ufike mbinguni haraka, shika watoto wako, toka hapo, na uende polisi. Kufunga kwetu kuna mwisho, na mwisho wake ni kula.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI
1. Utamwambia nini mfiwa anayesikia sauti ya marehemu usiku?
2. Tajiri aliwajali ndugu zake akiwa amechelewa. Wewe ni nani hujamshuhudia ukiwa hai?

OMBI: Bwana Yesu, wafariji waliofiwa wiki hii. Tufundishe kuishi siku ulizotupa, na tukiitwa, utupokee. Amina.