Mbunge wangu hufanya nini bungeni?

SWALI: Nitajuaje mbunge wangu amesema nini bungeni, na kura yake ameipigaje? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Anza na Hansard, yaani taarifa rasmi ya majadiliano ya Bunge, kwenye tovuti ya Bunge la Tanzania; tafuta jina lake, utaona maswali na michango yake. Kura ndizo ngumu. Hoja nyingi huamuliwa kwa sauti za “ndiyo” na “siyo”, kwa hiyo hakuna jina linaloandikwa. Bajeti Kuu ya Serikali, mwezi Juni, ni tofauti: wabunge huitwa mmoja mmoja kwa jina. Isome kura yake kwenye Hansard ya siku hiyo. Wingi wa maswali usikubabaishe, wengine huuliza ili wasikike tu. Tazama waziri alijibu na kuahidi nini, kisha ukimpata mbunge wako jimboni, muulize ahadi hiyo imefikia wapi.