Kidole Kiwe Chako: Vidokezo vya Simu kwa Watu wa Ziwani

Fika soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, asubuhi, wakati magunia ya dagaa yanafungwa kwa safari ya Kongo na Burundi, utasikia tu: "Mwanangu, hebu niangalizie kama imeingia." Mama ameshakabidhi simu, na namba ya siri ameitaja kwa sauti. M-Pesa ipo Tanzania tangu 2008, lakini hali bado ni hiyo. Simu ni yake, laini ni yake, mzigo ni wake, ila anayebonyeza ni mwingine. Tukitaka teknolojia imfae kila mtu wa Kanda ya Ziwa, kazi inaanzia hapo.

1. Amini salio, usiamini meseji. Mteja akisema "nimeshatuma", usiruhusu gunia lipakiwe kwa sababu tu simu imelia. Meseji ya uongo hutengenezwa ikafanana kabisa na ya kweli, lakini salio haiongezi. Ingia kwenye menyu uangalie mwenyewe.

2. Kama kusoma ni shida, tumia tarakimu. Kina mama wengi wanaohangaika na herufi wanahesabu pesa haraka kuliko karani, na *150*00# ya M-Pesa ni tarakimu na alama tu. Chukua daftari la mauzo, kurasa za mwisho. Chora noti, pembeni yake andika namba za kubonyeza kwa mpangilio mpaka salio litokee. Chora mshale unaotoka, andika namba za kutuma pesa. Kurasa mbili zinatosha biashara nzima. Kitu kimoja tu hakiandikwi humo: namba ya siri. Hiyo haandikiwi mtu wala haambiwi mtu, awe wakala, mume au mjukuu.

3. "Ile hela itume kwenye namba hii." Kila mtu ameshaipata meseji hii. Usijibu. Isambaze kwenda 15040, kisha tuma na namba iliyokuandikia. Mtandao wako ukikupigia, unapiga kwa namba 100. Anayejiita huduma kwa wateja kwa namba ya kawaida, mkatie. Na piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiikuta usiyoijua, nenda dukani kwa mtandao husika ikafutwe.

4. Steshenari ikusaidie, isikumiliki. Hili linaniuma. Kijana anakwenda kuomba kazi, au kikundi kinafuatilia mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Siku hizi maombi yanapita mtandaoni. Mwenye kompyuta anafungua barua pepe kwa haraka, anaweka nywila aijuayo yeye na namba ya simu ya kwake. Miezi inapita, majibu yanakuja, na anayeyaona ni yeye peke yake. Lipa huduma, lakini sema mapema: "Weka namba yangu, nywila nitaandika mwenyewe." Kisha fungua akaunti hiyo kwenye simu yako kabla hujaondoka kwenye kiti. Kikundi kinachokwama kimuone afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ni kazi yake.

5. Kabla ya kuvuka, pata utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, inatoa utabiri wa ziwa kila siku. Mwenye bando kwenye mwalo asiishie kuusoma peke yake: aurekodi kwa sauti na kuutuma kwenye grupu, kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita. Ziwani mtu mwenye simu ya kitochi akiambiwa na jirani yake kuhusu upepo wa jioni, naye amepata intaneti.

6. Macho yakichoka, simu isaidie. Kwenye mipangilio, tafuta ufikivu: maandishi yanakuzwa, na simu janja nyingi zinaweza kukusomea kwa sauti. Wazee na ndugu wenye ualbino, ambao wengi wana uoni hafifu, waoneshwe jambo hili siku ileile wanaponunua simu.

7. Mkopo wa haraka, kaa mbali nao kwanza. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Programu ikitaka kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu yako, ujue siku ukichelewa kulipa watapigiwa shangazi, mchungaji na mwenye nyumba. Ifute.

8. Ukifundisha, usiiguse simu yake. Shikamoo kwanza, kisha keti pembeni yake, mikono magotini. Mwaloni wakati mzuri ni siku za mbalamwezi: mwezi uking'aa taa hazivuti dagaa, mitumbwi inakaa nchi kavu, na wachuuzi wana nafasi. Mwambie akutumie shilingi 1,000, nawe umrudishie pamoja na makato. Atachelewa, atarudi mwanzo wa menyu mara kadhaa, muache. Cha kumtahadharisha ni namba ya siri tu, kwa sababu akiikosea mfululizo akaunti hufungwa. Jina la mpokeaji likitokea, alisome yeye kwa sauti kabla ya kuthibitisha.