Trela Mpya Ikianza Kuvuja: Namna ya Kudai Waranti ya RV

Ukinunua RV mpya, yaani trela au gari la kuishi safarini, hapa Marekani, jiandae: kuna uwezekano mkubwa itarudi gereji kabla mwaka wa kwanza haujaisha. Sisemi hivi kukutisha. Tangu tununue trela yetu ya kambi nimeongea na wenzetu wengi kwenye viwanja vya kambi vya Ohio na Michigan, na ni nadra kumkuta ambaye yake haijarudi. Sehemu kubwa ya RV za nchi hii huundwa Elkhart, Indiana, na miji ya jirani, na kazi nyingi hufanywa kwa mikono na kwa haraka. Kisha nyumba hiyo yenye jiko, sinki, choo na mabomba inavutwa barabarani kwa maili 65 kwa saa. Skrubu zinalegea, viungio vya maji vinaachia, gundi ya kuzibia paa inapasuka. Kumpata fundi anayejua kurekebisha si vigumu. Kazi ni kuhakikisha bili inakwenda kwa anayestahili kuilipa, na hapo karatasi ndiyo inayoamua.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba RV moja ina waranti nyingi. Mwenye kiwanda anadhamini alichokiunda yeye: kuta, paa, kabati, mabomba, nyaya. Kwa kawaida ni mwaka mmoja, ingawa wengine huongeza muda kwa fremu au paa. Friji ina waranti ya aliyeitengeneza, iwe Dometic au Norcold. Choo cha Thetford kina yake, jenereta ya Onan ina yake, na matairi hali kadhalika. Kama RV yako ina injini, chasisi inadhaminiwa na Ford, Freightliner au Mercedes, na kazi hiyo hufanyika kwa wakala wao, si kwa aliyekuuzia. Ukimpigia asiyehusika, utazungushwa wiki nzima huku siku za waranti zikienda.

Kwa hiyo, kabla ya safari ya kwanza, piga picha vibandiko vyote vyenye modeli na namba ya seri. Cha friji kwa kawaida kipo ndani ya mlango wake. Cha hita ya maji hukaa nyuma ya kifuniko cha nje. Ongeza picha ya namba ya chasisi, ile yenye herufi na tarakimu 17, na uweke zote kwenye folda moja ya simu pamoja na hati ya mauzo. Ukipiga simu kwa mtengenezaji wa kifaa, hayo ndiyo maswali ya mwanzo. Ukiyajibu papo hapo unapewa namba ya madai, na bila namba hiyo hakuna fundi atakayegusa kitu kwa gharama yao.

Sasa nieleze kuvuja, maana ndiko kunakoua RV. Kwetu ilianza na doa la rangi ya chai kwenye kona ya sakafu, chini ya slaidi, ule upande wa chumba unaosukumwa nje kwa mota mkishaegesha. Mke wangu ndiye aliyelibonyeza kwa kidole gumba akasema, “Baba, hapa pamelainika.” Tukapiga picha tukiwa tumeweka rula pembeni, tukapima kwa kipima unyevu cha pini mbili, tukatandika turubai juu na kuwasha feni ndani. Barua pepe ilikwenda kwa muuzaji na kwa kiwanda usiku huohuo. Fanya hivyo hata kama simu yako ilipokelewa kwa upole wote. Waranti nyingi zinataka taarifa mara tu kasoro inapogunduliwa, na ahadi ya simu haiachi tarehe mahali popote.

Tulipoipeleka gereji ya muuzaji, mpokezi aliandika kwenye fomu ya kazi: “Mteja anasema trela inavuja.” Maneno hayo hayamsaidii fundi. Trela ikarudishwa na jibu kwamba tatizo halikuonekana. Jibu hilo ni la kawaida mno, na ni hatari, kwa sababu kwenye faili linasomeka kama kwamba kasoro haikuwahi kuwapo. Mara iliyofuata nilitaka fomu iandikwe hivi: maji yanaingia kona ya chini ya mbele ya slaidi, upande wa dereva, mvua ikinyesha slaidi ikiwa nje, sakafu inabonyea kwa kidole. Nikaomba pia niwepo wakati wa kupima. Fundi akasukuma slaidi nje, jambo ambalo halikufanyika mara ya kwanza, akaelekeza mpira wa maji kwenye kona ile. Haikuchukua muda tone likatokea kwenye mbao. Alipouvuta mpira wa kuzuia maji, tukaona umekatwa mfupi. Pale pembeni palikuwa na upenyo unaopitisha penseli. Alipiga picha upenyo na penseli yake ikiwa ndani, na picha hiyo ndiyo iliyotupatia kibali cha kiwanda cha kubadilishiwa mpira pamoja na kipande cha sakafu.

Kibali hicho ndicho chanzo cha ucheleweshaji unaowakera watu. Muuzaji hawezi kuanza kazi ya waranti akatuma tu bili. Lazima atume picha na makadirio, asubiri kiwanda kikubali na kipange kitalipia saa ngapi za kazi, kisha asubiri vipuri. Mara nyingi malipo hayo ni madogo kuliko anayolipa mteja wa kawaida, na saa zinazokubaliwa ni chache kuliko fundi anazotumia. Unaona basi kwa nini trela ya waranti hukaa nyuma ya uwanja, na kwa nini wauzaji wengi huwakataa walionunua kwingine. Bei nzuri ya muuzaji aliye majimbo matatu kutoka kwako inaweza kukugharimu baadaye. Kwa maoni yangu, ni afadhali kulipa kidogo zaidi kwa muuzaji wa karibu ambaye gereji yake umeiona kwa macho.

Ukikwama, pigia kiwanda moja kwa moja, uombe kibali cha fundi anayekuja nyumbani. Viwanda vingi hukubali kwa kazi ndogo, lakini kibali kiwe cha maandishi, kikitaja namba ya madai na kiasi cha malipo, kabla fundi hajafungua boksi la zana. Baadhi ya viwanda pia hupokea trela palepale Indiana. Kutoka Columbus, Ohio, ni mwendo wa saa kama nne, na kwa kasoro ya ukuta au fremu ningeenda huko bila kusita. Kama kasoro si za maji, gesi wala breki, ziorodheshe uzipeleke zote kwa pamoja Oktoba au Novemba. Aprili na Mei kila mtu anataka trela yake, na foleni haisogei.

Soma pia yanayoifuta waranti. Kukagua paa na kuziba nyufa zake ni jukumu lako kama mwenye mali, na utaulizwa ushahidi, basi piga picha za paa kila msimu. Usipake silikoni ya duka la vifaa, kwani gundi ya kuzibia paa haishiki juu yake na utakuwa umewapa sababu ya kukataa dai. Waranti nyingi hazihusu anayeishi humo mwaka mzima wala anayeikodisha. Shemeji yangu aliyeko Texas alikuwa karibu kuanza kuikodisha ya kwake wikiendi. Kifungu hicho ndicho kilichomrudisha nyuma.

Sheria ipo upande wako kiasi. Magnuson-Moss, sheria ya serikali kuu ya mwaka 1975, inamkataza mtoa waranti kukulazimisha utumie vipuri au gereji ya chapa fulani ili waranti ibaki hai, isipokuwa akikupa huduma hiyo bure au awe na ruhusa maalumu. Ukishinda kesi, mahakama inaweza kumwamuru alipe gharama za wakili wako. Sheria za majimbo kuhusu magari mabovu hazina nguvu hiyo kwetu: majimbo mengi huziacha nje trela, au sehemu ya kuishi ya RV yenye injini. Kasoro za usalama ziko kando kabisa. Weka namba ya chasisi kwenye tovuti ya NHTSA, wakala wa serikali kuu wa usalama barabarani, na kama gari limeitwa kiwandani utatengenezewa bure hata kama mwaka wa waranti umepita.

Siku ya kuchukua trela, usisaini ukiwa ofisini. Omba iunganishwe umeme na maji, usukume slaidi nje na kuirudisha, ufungue bomba zote, na kona iliyovuja imwagiwe maji tena ukiwa ndani na tochi. Halafu dai nakala ya fomu ya kazi iliyofungwa, yenye tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka na kila kilichobadilishwa. Kama imeandikwa “tumekagua” pale walipobadilisha kipuri, wairekebishe kabla hujaifunga trela kwenye gari.