SOMO: VITU VIKUUKUU VINAVYOFAA CHUMBANI

Tazama nyuma ya nyumba yako. Unaona nini? Sanduku la mbao lililovunjika upande mmoja, mikebe ya mafuta, gunia lenye matundu, mpira wa kinga uliopasuka, kipande cha malata. Watu husema: Hizo ni takataka tu. Sasa ingia ndani, utazame pahali watoto wanapolala. Mara nyingi kuna mkeka juu ya udongo. Nguo zimelundikwa pembeni. Mbegu za mahindi zimo katika kitunga kilichowekwa chini, na panya wanazila.

Vile vinavyokosekana ndani viko nje. Somo hili linaeleza namna ya kuvitengeneza.

1. Kwa nini tunaanza na kitanda

Mtu anayelala chini ana adui wawili. Wa kwanza ni papasi, ambaye wengi humwita kimputu. Mchana anajificha katika nyufa za udongo na za ukuta. Usiku anatoka kunyonya damu, na anaweza kuleta homa inayokwisha kisha inarudi. Katika mwaka 1905 mganga Dutton alikufa katika nchi ya Maniema kwa homa hiyo hiyo aliyokuwa akiitafuta. Yeye na mwenzake Todd walionyesha kwamba kimputu ndiye anayeichukua.

Adui wa pili ni funza mweupe anayekaa katika udongo wa sakafu. Naye hunyonya damu ya waliolala. Lakini hawezi kupanda miguu ya kitanda. Mtu akilala juu, funza huyo anabaki na njaa yake.

Basi ufahamu neno hili. Baba mmoja anafanya kazi mgodini na kusema: Nitanunua kitanda cha duka, nangoja fedha itimie. Anangoja mwaka, anangoja miaka miwili. Wakati huo wote watoto wake wanalala juu ya mkeka na kunyonywa damu. Kitanda cha miti kinachosimama leo ni bora kuliko kitanda cha chuma kinachongojwa.

2. Ulizia kwanza: Ndani yake mlikuwa na nini?

Sisi tunaokaa karibu na migodi tunapata vitu vingi vilivyotupwa. Si vyote vinafaa. Kabla ya kuchukua kitu, ulizia mlikuwa na nini ndani yake. Asipopatikana mtu wa kukujibu, kiache.

Pipa lililokuwa na dawa za mgodi, kama vile asidi au sianidi, usilitie maji, wala unga, wala pombe. Kuliosha hakutoshi. Vilevile chupa na mikebe ya dawa za kuua wadudu.

Gunia lililochukua mawe ya mgodi usilifanye godoro. Vumbi la mawe hayo lina sumu, na mawe mengine ya Katanga, kama yale ya Shinkolobwe, yana uraniamu. Mtoto asilalie vumbi hilo.

Sanduku lililokuwa na baruti ya kupasua mawe usilichukue, wala usilichome motoni. Mafuta ya baruti huweza kuingia ndani ya mbao.

Pipa la petroli usilikate kwa moto wala kwa chuma cha moto, hata likionekana tupu. Mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka na kuua.

Vinavyofaa ni hivi: sanduku la sabuni au la chupa, mkebe wa maziwa au wa mafuta ya kula, gunia la unga au la chumvi, mpira wa ndani wa kinga au wa motokari.

3. Kutengeneza kitanda

Tafuta nguzo nne za mti mgumu, zenye panda juu, nene kama mkono wa mtu. Ondoa maganda yote, kwa sababu wadudu hujificha chini yake. Choma kidogo miguu ya nguzo mpaka iwe nyeusi, ili mchwa wasiile upesi. Chimba mashimo manne, urefu wa mkono toka vidole mpaka kiwiko. Simamisha nguzo, ushindilie udongo. Panda za nguzo ziwe sawa na goti la mtu mzima.

Weka mti mmoja mfupi katika panda za kichwani na mwingine katika panda za miguuni. Juu yake laza miti miwili mirefu, uifunge kwa nguvu. Kisha chukua mpira wa ndani wa motokari, uukate kwa kuzunguka, upana wa vidole viwili, upate utepe mrefu. Uvute sana na kuufunga toka mti huu mpaka huu, kisha upitishe mwingine kwa urefu kama mtu anayesuka kitunga. Mpira usipotosha, maliza kwa kamba za maganda ya miti.

Kitanda kisiguse ukuta. Acha nafasi ya mkono kupita, na blanketi lisining'inie mpaka chini. Kwani kimputu atalifanya ngazi. Ukiwa na chandalua, funga fito nne ndefu juu ya nguzo, ukitundike hapo.

4. Godoro

Chemsha magunia mawili ya unga kwa maji na sabuni, uyaanike juani. Yashone pamoja, uache mdomo upande mmoja. Jaza maganda makavu ya mahindi, yale laini ya ndani. Usishone mdomo, ufunge kwa kamba, upate kuyatoa na kuyabadili yakivunjika. Kunguni hupenda mshono: mwagia mshono maji yanayochemka.

5. Kabati na meza

Sanduku tatu zilizopangwa moja juu ya nyingine, midomo ikitazama mbele, ni kabati. Zipigilie misumari ili zisianguke juu ya mtoto. Misumari mikuukuu inyoshe kwa nyundo juu ya jiwe. Chini weka matofali mawili, ili mchwa waonekane wakianza kupanda. Mbele tundika kitambaa, vumbi lisiingie. Juu nguo, katikati sahani, chini majembe na visu vilivyofutwa.

Mlango mkuukuu juu ya nguzo nne ni meza. Mtoto wa shule atapata pahali pa kuandikia, na mama atapanga chakula mbali na kuku.

6. Pahali pa mbegu

Chumba kizuri kinalinda shamba vilevile. Mbegu zikiliwa na panya, msimu wote umepotea kabla ya mvua. Chukua mkebe wenye kifuniko, uuoshe na kuukausha kabisa. Anika mbegu mpaka ukiuma punje moja kwa jino ivunjike, isibonyee. Maharagwe changanya na majivu makavu, yaliyopoa na kuchungwa. Funga kifuniko, uweke mkebe juu ya kabati. Mkebe usio na kifuniko utundike darini kwa waya, na katikati ya waya pitisha kipande cha bati cha mviringo, kipana kama sahani. Panya akishuka atateleza.

7. Kazi ya kila juma

Siku moja kwa juma toa godoro na blanketi juani. Fagia chini ya kitanda. Ziba nyufa za ukuta na za sakafu kwa udongo laini, kisha paka ukuta pemba. Juu ya rangi nyeupe mdudu anaonekana. Kitanda kilichopandwa vizuri katika nyumba yenye nyufa ni kazi nusu.

Usione haya jirani akicheka sanduku lako. Mwulize watoto wake wanalala wapi.

MAULIZO

1. Kimputu anajificha wapi mchana?
2. Kwa nini funza wa sakafu hamdhuru mtu aliyelala kitandani?
3. Taja vitu vinne vya mgodini visivyofaa nyumbani.
4. Kwa nini kitanda kisiguse ukuta?
5. Katika nyumba yako, nani analala chini usiku huu? Utaanza siku gani?