SOMO FUPI: SARAFU YA WIMBO

Wanafunzi wenzetu, mu Kiswahili chetu "feza" ni pesa, tena ni madini meupe. Mwaka 2012 Marekani ilitoa sarafu yenye kuwa vyote viwili: dola 1, uzito gramu 26,73, sehemu 90 kwa 100 ni feza. Tuhesabu: ni karibu gramu 24 za feza safi! Bei yake inapita dola 1 mbali sana. Hakuna mutu wa kuinunulia mukate. Ni ya ukumbusho.

Inakumbusha wimbo wa taifa lao. Mwezi wa 9, 1814, Waingereza walipiga ngome ya Baltimore kwa mizinga, muchana na usiku. Mwanasheria Francis Scott Key alikuwa akiangalia toka meli. Asubui akaona bendera ingali juu, akaandika shairi. Lilifanywa wimbo wa taifa mwaka 1931 tu.

Lakini Key, aliyesifu inchi ya watu huru, alikuwa na watumwa. Sarafu haisemi neno hilo.

Na sisi je? Tukiimba umoja mbele ya bendera, kiisha tunalazimisha wadogo wa mwaka wa kwanza kutuchotea maji, tunapitana naye namna gani? Tuimbe, lakini tutende pia.