Maneno Huandamana: Kiingereza cha Kiwanja cha Ndege

Huenda mwauliza: makala ya Kiingereza yataka nini katika jarida la Chama cha Kiswahili? Subirini, jibu laja.

Sisi wa Changamwe tuna bahati ya kuwa na Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Moi hapa Port Reitz. Likizo iliyopita nilikwenda huko mara kadhaa na daftari langu, nikasimama wanapotokea wageni, nikawa naandika Kiingereza vile kinavyosemwa hasa. Njia hii si yangu. Mwaka 1987 John Sinclair na wenzake wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walitoa kamusi ya COBUILD, ambayo mifano yake ilitokana na matumizi halisi ya watu. Somo lao ni kwamba maneno huandamana kwa mazoea.

Kwanza, hebu tazameni "have". Darasani twajua ni "kuwa na". Lakini kiwanjani mtu huambiwa "have a seat", "have a look", "have a safe flight". Hapo hakuna kumiliki kitu! Maana yake ni keti, tazama, na safari njema. Jifunze kundi zima, usilivunje.

Pili, "reach" na "arrive". Sisi husema "kufika Mombasa", hatuweki kitu kati. "Reach Mombasa" ni vivyo hivyo. Lakini "arrive" hudai mwenzake: "arrive in Mombasa", "arrive at the airport". Ukiandika "reach at", kalamu nyekundu yakungoja!

Tatu, "luggage". Mizigo hata iwe kumi, neno hili haliongezwi "s". Husemwa "two pieces of luggage".

Nne, "the flight has been delayed". Mzee mmoja aliyekuja kumpokea mwanawe aliniuliza, "Mjukuu wangu, wasemaje hawa?" Nikamjibu, "Ndege imechelewa, babu." Akashukuru, akatafuta pa kukaa. Lau ningalifasiri neno kwa neno ningalisema "imecheleweshwa", naye angaliuliza, "Na nani?"

Sasa jibu langu. Katiba ya mwaka 2010 imevifanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, kwa hivyo zote mbili twazihitaji. Lakini asiyejua maneno ya Kiingereza yanavyoandamana huyaleta mazima mazima katika Kiswahili. Ndipo twasoma kwenye insha ati "mkutano ulichukua nafasi" badala ya "ulifanyika", na "mwisho wa siku" badala ya "hatimaye". Hapo zimeharibika lugha mbili kwa mpigo!

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Tukimjua mgeni huyu vyema, mwenyeji wetu Kiswahili atapona.

Zoezi: kusanya mafungu matano ya "take" uliyoyasikia kwa masikio yako, kisha yaandike kwa Kiswahili bila kutumia neno "chukua". Kazi kwenu!