Kabla ya Kununua Wufa: Sikiliza Spika, Usisome Boksi



Kuna vikundi vya merigoraundi ambavyo sasa vinanunuliana vyombo vya mziki, zamu kwa zamu, jinsi walivyozoea kununuliana sufuria na blanketi. Wengine wametuuliza kama huo si ubadhirifu. Sisi hatuoni hivyo. Mtu aliyeinama shambani tangu asubuhi ana haki ya kuketi jioni na kusikiliza nyimbo anazozipenda. Kinachotusumbua ni kuona pesa za jasho zikienda kwa boksi lenye taa za kumetameta, halafu baada ya miezi miwili spika inakwaruza na mama wa watu bado anachangia zamu za wenzake. Basi katika somo hili tuulizane: ni kitu gani hasa kinacholeta utamu wa mziki nyumbani?

Tuanze na boksi, kwa sababu ndilo linalodanganya wengi. Utakuta limeandikwa maelfu ya wati, na pembeni herufi PMPO. Hiyo PMPO haina kipimo kimoja kilichokubaliwa, kila mtengenezaji huandika apendavyo. Geuza chombo, usome kile kibandiko kidogo cha nyuma kinachoonyesha kinakula stima kiasi gani. Huenda kikasema wati 40. Je, ng'ombe aliyekunywa ndoo mbili atatoa maziwa mapipa mawili? Ukiona wati zimeandikwa RMS, hapo angalau pana kipimo cha kuaminika zaidi.

Na hata hizo wati za kweli si kitu cha kugombania. Ukitoka wati 10 kwenda 20, sauti inapanda desibeli 3 tu, na sikio linaitambua tofauti hiyo kidogo sana. Ili usikie kama sauti imekuwa maradufu, itabidi ufike karibu wati 100. Sebule ya kawaida, watu wakisikiliza huku wanaongea, haihitaji zaidi ya wati moja au mbili hivi. Kwa hiyo msilipie nguvu ambayo hamtaitumia.

Lipieni spika. Hapo ndipo sauti inapozaliwa, na hapo ndipo watengenezaji wa bei rahisi wanapobania. Chukua benga kwa mfano. Uzi mnene wa gitaa la besi hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ndogo kama ya simu haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kuutoa. Ndiyo maana wimbo ule ule ukipigwa kwa simu unasikika kama umekonda. Lakini besi kubwa peke yake pia si dawa. Wufa nyingi za plastiki nyembamba hutoa bum-bum moja kwa kila noti, na sauti ya mwimbaji inazama.

Mkienda dukani, bebeni wimbo mnaoufahamu vizuri. Mwambieni muuzaji azime taa na vile vitufe vya kuongeza besi. Sikilizeni kwanza kwa sauti ya chini: maneno yanaeleweka? Kisha fuateni gitaa la besi: noti zinapanda na kushuka, au ni ngoma moja tu? Mwisho pandisheni mpaka robo tatu, mkisikiliza kama inakwaruza. Muuzaji akikataa mambo haya, mtokeni. Kwa mtumba, tazameni kama ukingo wa spika umechanika. Sisi tungechukua jozi ya spika za mbao zilizotumika, nzima, kuliko wufa mpya ya kelele.

Rekodi nayo ina neno lake. Wimbo ukibanwa sana ili nyimbo nyingi ziingie kwenye memori kadi, kilichokatwa hakirudi, hata uzungushe vitufe vyote. Wala msidhani spika ni mbovu mkicheza nyimbo za kina Daudi Kabaka na Fadhili William mkasikia pande zote mbili zinatoa sauti ile ile. Rekodi nyingi za miaka ya 1960 zilitengenezwa kwa njia moja tu ya sauti.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa kuna faida ya bure. Spika zikirundikwa juu ya kabati, kona moja, besi inavimba na maneno yanapotea. Zitenganishe kama mita mbili, ziwe usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Kagua nyaya: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kwa spika zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, spika moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi inatoweka. Fundi anaweza kukutoza pesa kwa kazi hiyo ya dakika moja! Ukuta wa simiti na sakafu tupu hurudisha mwangwi, kwa hiyo mkeka, mapazia na viti vya kitambaa husaidia kuliko amplifaya kubwa. Mvua ikipiga mabati, hapo hakuna chombo kitakachoshinda. Zima tu.

Tusisahau masikio. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki katika desibeli 80, na kila ukipanda desibeli 3 muda huo unapungua nusu. Ikifika 90 zinabaki saa 4 tu. Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye karibu nawe akusikie, teremsha. Watoto msiwaketishe mbele ya spika.

Kwa mkutano ujao, kutaneni katika nyumba ya mmoja ambaye tayari ana chombo. Chezeni wimbo mmoja spika zikiwa pale pale zilipo, kisha zihamisheni, mkague nyaya, muucheze tena. Halafu mjadiliane: zamu iliyobaki inunue chombo kipya, au spika nzuri tu za kuunganisha na chombo ambacho mwenzenu anacho tayari?